Kitamil cha Mama Dominika

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, vitongoji viwili vya upande wa Chala viliunganishwa kuwa kijiji kimoja. Kwa kuwa kila kitongoji kiling'ang'ania jina lake, kijiji kikakaa bila jina. Watu walikiita Kipya tu, na mwenyekiti Evaristi, akihutubia, alisema "kijiji chetu hiki" kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Lakini ugomvi ulionogesha maongezi pale Kipya haukuwa wa jina. Ulikuwa wa ndugu wawili wa tumbo moja, Eustaki na Adolfu, nao ulianzia juu ya lori.

Eustaki, mkubwa, alikuwa katekista, mtu wa koti jeusi hata jua likiwaka, aliyetembea kana kwamba nyuma yake kuna maandamano. Siku ya kuhama alisimama juu ya mizigo ili amwelekeze dereva njia. Dereva akakanyaga breki. Eustaki akaenda kinyumenyume, akakalia tenga la kuku wa mama yake, na alipoinuka, yai lilikuwa limempasukia mahali ambapo katekista hatarajiwi kuwa na yai. Watu wote walicheka, kisha wakakumbuka ni nani, wakanyamaza. Adolfu, mdogo wake, ndiye hakunyamaza. Alicheka mpaka akateremka kwenye lori akaketi njiani, na safari nzima ikamsubiri amalize.

Eustaki akataka aombwe radhi. Adolfu hakuwa mtu mbaya, akaenda kuomba. Alianza vizuri, "Kaka, siku ile," lakini alipolifikia neno kuku, kicheko kikamtoka puani. Hapo ndipo maelewano yalipokufa. Viwanja vilipogawiwa walipangiwa jirani, basi kila mmoja akajenga mlango wake ukitazama upande wa pili, nyumba zikapeana migongo. Mama yao, Bibi Cornelia, akawa anakaa wiki kwa huyu na wiki kwa yule, akihama na kigoda chake kichwani, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Jambo hilo lilimtisha sana mkwewe Kristiana.

Kristiana alikuwa mke wa Adolfu. Kijijini walimwita Mama Dominika, kwa jina la bintiye. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya katika nyumba ya mfanyabiashara Mhindi mjini Sumbawanga, na kutoka huko alileta vitu viwili: mkono wa kupika chapati, na kipaji cha kumwigiza mama mwenye nyumba akigombana na birika. Shoga yake mkubwa alikuwa Fransiska, mke wa Eustaki. Kwa ajili ya waume zao, wanawake hao walikuwa wakikutana kisimani kwa kuvizia kama wezi, na kicheko chao walikiziba kwa kanga.

"Mwenzangu, mimi nimechoka kukusalimia kwa kope," Fransiska alimwambia siku moja.

"Vumilia. Hawa wataelewana siku kuku watakapoota meno."

Basi ikaja habari kwamba gari la sinema liko njiani. Fundi wake aliitwa Isakwisa, mtumishi wa serikali, mwenyeji wa kule Mbeya, aliyekuwa akizunguka vijiji kuonyesha picha za kilimo bora. Alifika mchana, kwenye kiti cha mbele akiwa amempakia abiria mmoja aliyejikunyata ndani ya blanketi.

"Huyo ni Mwalimu Sivanesan," alieleza. "Anarudi Sumbawanga, anafundisha hesabu. Homa imemkamata njiani, amekunywa dawa. Mwacheni alale."

Wakamwacha. Ukumbi ulikuwa ghala la kijiji, jengo jipya la bati lisilo na dirisha hata moja, ambalo mlango wake ukifungwa mchana unageuka usiku. Walitandaza shuka jeupe ukutani, magunia ya mahindi yakawa viti, jenereta likanguruma nje, na watu wakajaa mpaka wengine wakapanda juu ya malundo. Eustaki alikaa mbele kabisa, mwisho wa kulia, na koti lake. Adolfu alikaa mbele kabisa, mwisho wa kushoto. Bibi Cornelia akaweka kigoda chake katikati.

Isakwisa akafungua mikebe ya filamu, akaiweka ya kwanza kwenye mashine. Badala ya shamba la mahindi, wakaona nyumba kubwa yenye nguzo, mwanamke akiwasha taa ya mafuta mbele ya sanamu, na maandishi yaliyojikunja kama jalebi. Halafu muziki ukaanza: filimbi kwanza, kisha vinanda vingi kwa pamoja, na ngoma ndogo inayodunda haraka haraka kama moyo wa mtu aliyekimbia.

Isakwisa alisimamisha mashine, akaikagua mikebe kwa tochi. Nje iliandikwa mahindi. Ndani, yote ilikuwa na mambo mengine. Huko ilikotoka mtu alikuwa amechanganya.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "hii si yangu. Ni ya Kihindi. Tuahirishe."

Evaristi aligeuka akawatazama watu wake. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka mabonde ya jirani. Alijua kwamba mtu anaweza kuwakosesha watu mbolea wakamsamehe, lakini si sinema.

"Tunaye mtu wa Kihindi hapa," alisema. "Mama Dominika, simama utufasirie. Wewe si ulikaa kwao?"

Kristiana alisimama kwa sababu mwenyekiti alimwambia asimame. Kihindi alichokijua kilikuwa cha jikoni: leta maji, funga mlango, wewe mvivu, chumvi imezidi. Na katika yale maneno machache aliyoyasikia kabla mashine haijazimwa, hapakuwa na hata moja alilolitambua. Alitaka kusema hivyo. Akafumbua mdomo. Akaona nyuso zote zile zimemgeukia, na Fransiska miongoni mwao akimkazia macho, na ule ugonjwa wake wa kuigiza ukampanda mpaka kooni.

"Hiki si Kihindi cha kawaida," alisema. "Ni kile cha ndani sana. Lakini nitajitahidi."

Mashine ikaanza tena. Mwanzoni alikwenda kwa adabu, akisema yale ambayo kila mwenye macho angeyaona. Huyu bibi mwenye nywele nyeupe ni mama. Huyu mwenye sharubu ni kaka mkubwa. Huyu aliyepaka mafuta kichwani ni mdogo wake, na huyu msichana aliye kando yake ni mke wa mdogo. Ndugu hao walikuwa wakiimba wakipita na ng'ombe wenye kengele, na Isakwisa akauliza kutoka nyuma wimbo unasemaje.

"Wanasema mwaka huu ng'ombe wamenenepa," alisema Kristiana, na wafugaji wakaguna kwa kuridhika.

Mambo yakaharibika kwenye karamu. Kulikuwa na wageni, maua, wanawake wenye bangili, na katikati ya shangwe mkubwa akampiga mdogo wake kofi. Muziki ukakatika. Mkubwa akaanza kufoka, anafoka na kufoka, na ghala zima likamgeukia Kristiana.

"Kwa nini amempiga?" aliuliza Evaristi.

Kristiana hakuwa na habari. Alitafuta kichwani sababu yoyote ya watu wazima kugombana, na sababu aliyokuwa amelala nayo na kuamka nayo tangu kijiji kianzishwe ikatoka yenyewe kabla hajaishika.

"Anasema, siku ile nilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni nikakalia kuku, wewe ulicheka."

Hata waliokuwa juu ya malundo waliacha kutafuna. Hakuna aliyethubutu kumtazama Eustaki waziwazi, kwa hiyo wote walimtazama kwa kuibia, na ghala lilijaa mboni za pembeni. Eustaki hakutikisika. Upande wa kushoto Adolfu alikuwa ameingiza uso wote ndani ya kofia yake, na mabega yalikuwa yakimcheza.

Mdomo ulikuwa umekwisha kumponza Kristiana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yule mdogo wa kwenye picha alikuwa amekwisha kuanza kujibu, mikono kifuani, machozi yakimtoka.

"Anasema, kaka, nilicheka, ndiyo. Mungu ameniumba na kicheko kilicho karibu na mlango. Lakini hata siku moja sijakudharau."

Halafu ikawa zamu ya mkubwa. Huyo alizungumza kwa muda mrefu, polepole, hafoki tena, akiutazama ukuta. Kristiana alimwangalia yule mtu mwenye sharubu, shingo imekakamaa kwa kujikaza asilie, na kwa mara ya kwanza akajiuliza shemeji yake alikuwa anabeba nini ndani ya lile koti.

"Anasema," alianza, na sauti yake ikawa ndogo. "Anasema, mimi baba alipokufa nilikuwa bado sijaota ndevu. Nililazimika kuwa mtu mzima mbele yenu, na sikujua utu uzima unafananaje, nikauvaa tu kama nguo ya kuazima. Siku ile nilipoanguka, watu wote waliona kwamba nguo si yangu. Wangecheka wao, sawa. Wewe ungenishika mkono kwanza, kisha ndiyo ucheke."

Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Aliona Eustaki ameinamisha kichwa. Aliona pia kwamba kofia ya Adolfu ilikuwa imetulia.

Wakati Isakwisa akibadilisha mkebe, mlango wa ghala ulifunguka, na mwalimu wa hesabu akaingia na blanketi lake mabegani. Muziki ulikuwa umemfuata mpaka ndani ya homa yake ukamwamsha. Alikuwa mtu mrefu, mweusi kama wenyeji wenyewe, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akapenya katikati ya watu mpaka alipokuwa Kristiana, akaketi juu ya gunia lililokuwa karibu naye.

"Shikamoo," alimwambia kwa kukosea, maana Kristiana alikuwa mdogo kwake. "Hii ni lugha yangu. Kitamil. Tangu nitoke kwetu Ceylon sijaisikia ikisemwa na mtu mwingine. Ni wewe unayetafsiri?"

Kristiana aliona ardhi ikikataa kupasuka. "Marahaba," alisema, kwa kuwa hakuna kingine kilichokuja.

"Umejifunza wapi?"

"Jikoni, mwalimu."

Mwalimu alimtazama, akalitazama ghala, watu wamemkodolea macho, mama mmoja bado anajifuta kwa ncha ya kanga. Alikuwa ameshafundisha miaka mingi na alimjua mwanafunzi asiyefanya zoezi hata kabla hajafungua daftari.

"Endelea, mama," alisema. "Nitasikiliza."

Mkebe wa mwisho ulianza na yule mama mwenye nywele nyeupe. Alikuwa peke yake uani, kati ya vyumba vya wanawe, akiimba. Wimbo ule haukuhitaji mkalimani na Kristiana hakuugusa. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukarudi palepale, kama mtu anayebembeleza mtoto ambaye alishakua akaondoka. Bibi Cornelia, aliyejua Kifipa zaidi ya Kiswahili na ambaye hadithi nzima ilikuwa ikimpita kwa nusu, aliegemea mbele kwenye kigoda chake, na midomo yake ikawa inafuata.

Halafu yule mama akaweka kiganja kwenye paji la uso, akapepesuka, akaanguka. Wana wawili wakatoka mbio, kila mmoja mlangoni kwake. Wakamwinua. Mkono wake ukaning'inia.

"Amezimia," alitangaza Kristiana haraka, akimtazama mkwewe.

"Amekufa, mama," mwalimu alimnong'oneza.

"Ni usingizi mzito," alisema Kristiana kwa sauti ya juu zaidi.

Bibi Cornelia aligeuka. "Huyo amekufa," alisema kwa Kifipa, bila huzuni yoyote, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Hebu waangalieni hao wanawe walivyokumbatiana."

Na kweli walikuwa wamekumbatiana, wanalia, na vinanda vinalia pamoja nao. Filamu ikaisha, Isakwisa akafungua mlango, na watu wakatoka kwenye mwanga wa jioni wakipenga kamasi na kujifanya ni vumbi la mahindi.

Kristiana alijaribu kupita nyuma ya gari. Eustaki alikuwa amesimama hapo akimsubiri.

"Shemeji."

"Abee, shemeji."

"Hao watu wa Kitamil wamejuaje habari ya kuku?"

"Kuku wako kila nchi, shemeji."

"Na lori?"

"Ule ulikuwa mkokoteni."

Eustaki akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Yule mkubwa," alisema mwishowe, "alizungumza vizuri." Kisha akaenda zake, na Adolfu, aliyekuwa upande wa pili wa gari akisikia kila neno, akamwacha aende. Kila mmoja akazunguka nyumba yake akaingia kwa mlango wake.

Kristiana alimpelekea mwalimu uji wa moto kwenye gari. Alimkuta ameketi, homa imemshuka, anajiimbia ule wimbo puani.

"Niambie ukweli," alisema. "Nimekosea sana?"

"Waligombania kisima," alisema mwalimu. "Na yule uliyesema ni mke wa mdogo alikuwa dada yao."

"Ndiyo maana sikuwaona wakigombana."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Kuhusu kuku hakuna hata neno moja. Lakini yale maneno ya nguo ya kuazima ningependa yangekuwemo. Kule yule mkubwa alisema tu habari za heshima ya ukoo, kwa urefu kabisa." Akanywa uji. "Wimbo huo, mama yangu aliuimba. Si huu hasa. Wa namna hii."

Kristiana akamwachia kibuyu kizima cha uji, na gari likaondoka na mikebe yake kabla giza halijaingia.

Asubuhi iliyofuata Kristiana alikuwa akifagia uani aliposikia sauti kutoka kwenye ule uchochoro mwembamba kati ya nyumba mbili, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akipita kwa kuwa hakuna mlango uliofunguka huko. Sauti ilikuwa ikipanda kidogo, inashuka, inarudi palepale. Alichungulia. Bibi Cornelia alikuwa amesimama katikati, ameshajitandikia mkeka. Aliweka kiganja kwenye paji la uso. Akapepesuka, mara ya kwanza vibaya, akajirekebisha, mara ya pili vizuri. Kisha akajilaza taratibu, akapanga kanga miguuni, na kupiga yowe.

Kristiana alirudi nyuma akaendelea kufagia kwa bidii mahali palipokwisha kufagiliwa.

Adolfu alitoka mbio akiwa kifua wazi. Eustaki alitoka mbio bila koti, na hilo lilikuwa halijaonekana tangu kijiji kianze. Wakakutana uchochoroni juu ya mama yao. Walipoanza kumwinua, mkono wa mama ukaning'inia.

"Shika huku," alisema Eustaki.

"Nimeshika. Wewe inua kichwa."

"Polepole, Adolfu. Unamvuta."

"Simvuti, kaka, wewe ndiye unayesukuma."

Ndivyo walivyosemeshana tena, na hawakugundua. Walikata mti, wakafunga blanketi, wakampakia mama yao kwenye machela, wakaanza safari ya zahanati ya Chala, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Kristiana na Fransiska waliwafuata kwa mbali, na kwa kuwa ilikuwa msafara wa mgonjwa, walitembea bega kwa bega mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyeuliza.

"Unalia au unacheka?" Fransiska alinong'ona.

"Usinisemeshe kabisa."

Njia ilikuwa ndefu na jua lilikwisha kupanda. Kila wana walipotaka kupumzika, mgonjwa aliguna kwa maumivu, wakaendelea. Walipofika kwenye mteremko wenye vumbi jekundu Adolfu alikuwa ameloa jasho na Eustaki alikuwa anahema kama mvukuto.

"Badilishana na mimi," alisema Adolfu. "Mbele kuna uzito."

"Nitaweza."

"Najua utaweza, kaka. Nasema badilishana."

Eustaki alisimama. Wakabadilishana, na katika kubadilishana wakatazamana, sasa kweli, kwa karibu. Adolfu alikuwa na uso wa mtu ambaye kicheko hakikumpitia akilini hata kwa bahati mbaya.

"Kaka," alisema, "ningekushika mkono kwanza."

Eustaki alikung'uta vumbi kwenye shati lake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Basi," alisema. "Beba."

Ndani ya blanketi mgonjwa alitulia kidogo, halafu akauliza kama kuna mtu amekumbuka kubeba mahindi ya kuchemsha.

Machela ikasimama. Wana wakaishusha chini, kwa uangalifu uliopungua kuliko mwanzo.

"Mama," alisema Eustaki kwa upole wa katekista, "hasa unaumwa wapi?"

Bibi Cornelia alifumbua jicho moja. "Palepale alipokuwa anaumwa yule wa kwenye sinema."

Hapo Kristiana alilazimika kukaa chini kando ya njia na kujifunika kanga kichwani, na Fransiska akakaa karibu yake wakajifunika pamoja. Eustaki aliwatazama wake wale wawili, akamtazama mama yake, akamtazama mdogo wake, na taratibu sana, kuanzia kwenye pembe za mdomo, uso wake ukaanza kushindwa.

Hata hivyo walikwenda mpaka zahanati, kwa kuwa Eustaki alisema safari ikianzwa imalizwe. Mganga alimsikiliza bibi kifuani, akasema moyo wake unapiga vizuri kuliko wa hao waliombeba, na kwa tahadhari akampa vidonge vya malaria. Bibi Cornelia alivimeza vyote na uchungu wake, bila kukunja uso, kama mtu anayelipa nauli.

Wakati wa kurudi alikataa kupanda machela. Alitangulia mbele kwa miguu yake, akiuimba ule wimbo ambao sasa ulikuwa umeingiwa na maneno ya Kifipa yanayohusu mbuzi. Wanawe walimfuata wamebeba mti mtupu na blanketi linaloning'inia, wakibishana kwa sauti ya kawaida kabisa kuhusu ukuta upi utobolewe mlango, wa huyu au wa yule, na kila mmoja akisema ni wa mwenzake.